Nilivyojipigisha Kwata

Watu huniuliza ninamalizaje kazi zangu kabla umande haujakauka, na umri huu nilio nao. Nawaambia ni kwata, ile ya askari. Wanacheka. Basi leo nimekaa niandike, kwa mwandiko wangu wa darasa la pili, na furaha yenyewe inaifanya kalamu iruke mistari.

Ilikuwa miaka ya sitini mwishoni. Nilikuwa nimeolewa karibuni na mwanamume aliyeendesha lori la mfanyabiashara mmoja Mwislamu, akipakia kahawa Bwera na kuileta Kasese. Tulipanga chumba Kasese karibu na kambi ya askari, na mimi nikaanza kufua na kupiga pasi nguo za wanajeshi. Niliipenda kazi ile, nakuambia! Kaki ukiipitisha kwenye uji wa muhogo, ikakauka, ukainyunyizia maji kwa mdomo na kuilazia pasi ya makaa, inalia shiii, halafu mkunjo unasimama kama wembe. Hata leo nikiukumbuka ule mlio mikono inaniwasha.

Shida yangu ilikuwa kichwa. Bidii nilikuwa nayo, lakini ilikuwa bidii ya kuku anayefukuzwa. Nikishika kola nakumbuka maharage jikoni. Nikifika jikoni nakumbuka maji. Nikifika bombani nakutana na watu, nasimama. Nikirudi, pasi imepoa na maharage yameungua.

Mama mkwe akaja kutoka Bwera kututembelea, akakaa siku tatu ananitazama tu. Siku ya nne akamwambia mwanawe, tena mbele yangu, kwamba mke wake anashika kazi kumi na hamalizi hata moja, na afadhali arudi naye Bwera akalime kahawa, maana kahawa shambani haiungui. Mume wangu alikuwa anaondoka na lori. Akaniombea muda mpaka Jumapili. Na juma lilelile sajenti mmoja wa kambini alikuwa ameniletea nguo za kikosi chake kizima, mashati thelathini na kaptula thelathini, kwa sababu mkubwa wao alikuwa anakuja kuwakagua. Nikizimaliza, mama atapanda basi peke yake. Nisipozimaliza, tutapanda wawili.

"Jumamosi saa kumi," sajenti alisema. Alikuwa mtu mrefu wa kaskazini, mchoyo wa maneno. "Hakuna maneno, mama."

Kufua nilifua Alhamisi nzima. Ijumaa, jua likiwa utosini, nilikuwa nimepiga pasi mashati manne. Manne! Kila nikiinua macho nauona ule mlima wa nguo, na ng'ambo ya mlima namwona mama mkwe ameketi mkekani anachambua mboga. Nikachukua debe nikaenda bombani. Maji hayakuwa yamekwisha. Nilitaka kukimbia tu.

Njia ya bombani ilipita kando ya uwanja wa kambi, na yule sajenti alikuwa pale anafundisha makuruta. Walikuwa wageni kabisa, wengine hata kushoto na kulia hawajui. Nilidhani atawaeleza mengi. Wapi! Alisema mguu sawa, wakasimama. Akasema kushoto geuka, wakageuka. Hakuna aliyeuliza baadaye kutakuwa na nini, wala hakuna aliyeupima urefu wa uwanja kwa macho. Neno moja, kitendo kimoja, na wale watu waliokuja wamesambaa kama ng'ombe wa mnada wakavuka uwanja mzima katika mstari mmoja. Nilisimama na debe tupu kichwani, mwili ukanisisimka. Kumbe hawanizidi akili. Wananizidi mtu wa kuwaamuru tu. Na mimi mtu sina, lakini mdomo ninao.

Nilirudi mbio bila maji.

Nikaufunika ule mlima kwa shuka, nisiuone. Nikachomoa shati moja, nikajiita kwa sauti ya sajenti: "Wewe mama! Mguu sawa! Kola!" Nikapiga kola, kola tu. Nikaamuru mkono wa kushoto, nikaupiga. Mkono wa kulia, mgongo, kifua, kunja, weka. Wazo la maharage likaja, nikaliambia lipange mstari lingoje zamu. Likangoja! Wazo la mama mkwe likaja, nalo likasimama nyuma ya maharage. Kila baada ya nguo tano najiambia mguu pande, nakunywa chai, nayaita mawazo moja moja: maharage naongeza maji, pasi naongeza makaa. Halafu mguu sawa tena.

Mwanzoni niliamuru kwa sauti ndogo. Utamu ulipozidi, sauti ikapanda. Mama mkwe akaacha mboga, akaenda kumwita jirani, mke wa mwenye duka, wakasimama wote mlangoni.

"Huyu mutoto iko mugonjwa," mama akasema.

"Ana homa?"

"Homa gani ya kujifokea? Sikiliza. Anajiita wewe mama."

Jirani alizitazama nguo zilizokunjwa, akasema basi homa ya namna hiyo naye anaitaka, maana vyombo vyake vimelala tangu jana.

Jumamosi kabla ya adhuhuri sajenti akamtuma koplo wa jikoni aje aone nimefika wapi. Alikuwa mzee mwenye masharubu ya mvi, anatoka sokoni na mkungu wa ndizi begani. Aliingia uani mimi nimempa mgongo, na wakati uleule nikajiamrisha mguu sawa. Mzee wa watu akagonga visigino, akasimama wima na mkungu wake. Sikumwona. Nikapiga kaptula nzima, nikashika nyingine, yeye yupo tu juani, jasho linamtiririka. Mama mkwe ndiye aliyeita kutoka jikoni nimwachie mzee kabla bega halijavunjika. Nikageuka, aibu ikanijaa.

"Mguu pande, afande," nikasema.

Akautua mkungu, akapangusa masharubu, akasema miaka yake yote ya jeshi hajawahi kuamriwa vizuri namna ile.

Saa tisa nikakosea. Nilifunua shuka kuona zimebaki ngapi. Kaptula nane! Mikono ikaanza kushika mbilimbili, pasi nusura iunguze mfuko. Nikataka kujiamuru, nikaita kola nimeshika kaptula. Ndipo nikasikia nyuma yangu, taratibu kabisa:

"Wewe mama. Funika ile. Shika moja."

Alikuwa mama mkwe, amesimama na ungo wa mboga. Shuka akairudisha yeye mwenyewe. Akaniamuru mpaka ya mwisho, tena kwa makosa mengi ya kijeshi, ananigeuza kushoto pale ninapotakiwa kukunja, na mimi nacheka huku mikono inakwenda.

Saa kumi sajenti akafika na karatasi yake. Nguo hazikuwa na alama yoyote. Akasoma majina, na kila jina nikamkabidhi shati lake na kaptula yake, maana siku ya kuzileta alinisomea majina hayohayo nguo kwa nguo, na mimi nilikuwa nimezishika zote moja moja na kuwajua wenyewe. Majina yale thelathini ninayo mpaka leo, siyaandiki kwa heshima ya watoto wao. Sajenti akapitisha kidole kwenye mkunjo mmoja, akakitazama kidole kama kwamba kimekatwa.

"Jumatatu kikosi cha pili," akasema, akaenda zake.

Jumapili asubuhi mama mkwe alifunga kikapu. Alipomaliza akatoa busuti lake, gauni refu la sherehe, lile la hariri ambalo hata binti zake hawakuruhusiwa kuligusa, akaliweka juu ya meza yangu ya pasi.

"Hii utanitumia na lori," akasema. "Na usiifokee. Haijazoea jeshi."

Nikambebea kikapu mpaka kituoni. Basi likaondoka na watu wa Bwera, na mimi nikarudi nyumbani mbio kuwasha makaa.