Shangazi, Mwalimu na Timu Iliyosahau Kukimbia

Shangazi yangu alipostaafu unesi Afrika Kusini na kurudi Newala, alikuja na friji, cherehani na mapenzi makubwa ya timu moja ya raga ya mji aliokuwa akifanya kazi. Friji na cherehani watu waliona maana yake, lakini timu ya raga hakuna aliyeielewa. Majirani waliokuja kumpa pole ya safari walimkuta amekaa mbele ya televisheni akiwakemea wanaume wanene waliolaliana juu ya mpira, wakadhani anaangalia ugomvi.

Mimi nina duka la dawa Masasi. Mwaka ule wa kwanza nilikuwa nikifunga mapema Jumamosi mbili kwa mwezi na kupanda Newala kumwangalia, maana nilihofia upweke. Ameishi mjini zaidi ya miaka ishirini, mumewe amefariki, na watoto wake wamebaki huko huko. Nilimletea mchele na sabuni, naye akanilipa kwa kunifundisha raga. Alinieleza kwamba mpira unabebwa mkononi, na ukitaka kumpa mwenzako kwa mkono lazima umrushie aliye nyuma yako, kamwe si mbele. Ukitaka uende mbele, upige teke au ukimbie nao. Ukifika nyuma ya mstari wa wapinzani ukauweka chini, hiyo ni trai, na ndiyo furaha yenyewe.

Mtu wa pili kunaswa alikuwa jirani yake, mwalimu wa hisabati wa sekondari. Alikuja siku moja kuomba shoka, akakaa dakika tano kwa heshima, akaondoka baada ya saa mbili bila shoka. Jumamosi iliyofuata alirudi na kiti chake mwenyewe. Alibisha hodi, akasema, "Shikamoo, Mama," akaitikiwa marahaba, kisha akauliza kama wale watu wa jezi za bluu wanacheza tena leo.

Kuanzia hapo nyumba ile haikupoa. Kwa bahati mbaya timu yetu ilikuwa katika msimu mbaya, inafungwa karibu kila wiki, na timu inayofungwa ndiyo yenye maneno. Shangazi alikuwa na msimamo mmoja. Kwake raga ilikuwa kazi ya wale wanane wa mbele, watu wazito wanaosukumana. Mpira ubaki kwao, wasogee hatua kwa hatua, na wakibanwa mtu aupige teke hadi kona, wapinzani wahangaike nao karibu na mstari wao. Mwalimu aliona huko ni kupoteza nguvu. Alipanga korosho mbichi mezani ziwe watu wa mbele na mbaazi ziwe watu wa nyuma, wale wepesi wa mbio, akamwonyesha Shangazi kwa kidole jinsi uwanja ulivyobaki wazi pembeni huku korosho zote zimerundikana katikati. Winga wetu ana mbio kama swala, alisema, lakini kipindi kizima anasimama tu akijifuta jasho ambalo hajalitoa.

Shangazi alimjibu kwamba mpira unaorushwa mikono mingi huanguka. Mwalimu akasema unaanguka kwa sababu hawaurushi vya kutosha wakauzoea. Wakaendelea hivyo wiki kwa wiki, kwa adabu kabisa, yeye akimwita Mama na Shangazi akimwita mwanangu, na hakuna aliyemwachia mwenzake hata inchi. Mimi niliegemea upande wowote uliokuwa umezidiwa siku hiyo, ili mjadala usife.

Jumamosi ninayoikumbuka zaidi ilikuwa baada ya kufungwa mara nne mfululizo. Mchezo ulianza saa tisa alasiri. Shangazi alikuwa amechemsha ming'oko, vile viazi pori vya kwetu, tangu mchana, na mke wa Mwalimu alikuja naye kwa mara ya kwanza, akisema anataka kukiona hicho kitu kinachomfanya mumewe azungumze na korosho. Ni mwanamke mrefu, mtulivu, anayefundisha shule ya msingi na kucheza netiboli na wanawake wenzake jioni. Alikaa karibu na mlango na sahani yake ya ming'oko, akaangalia kimya kipindi chote cha kwanza, wakati timu yetu ikipiga mateke ovyo na kurudishiwa mpira. Mapumziko yalipofika, Mwalimu alitoka barazani akaswali Alasiri, akarudi kwenye kiti chake. Kipindi cha pili hakikumaliza hata dakika kumi umeme ukakatika.

Tulikaa tukitazama kioo cheusi. Shangazi alisema sasa angalau hatutaona wanavyofungwa, na Mwalimu akasema wangefungwa tu kwa sababu ya mateke. Ndipo mkewe akafungua kinywa.

"Nyote wawili mnakosea," alisema. "Tatizo si teke wala pasi. Wanampa mtu mpira akiwa amesimama. Kwenye netiboli mimi simrushii mtu, namrushia mahali anapokwenda."

Mwalimu alitazama mbaazi zake mezani, ambazo kweli zote zilikuwa zimesimama. Shangazi alicheka pole pole, akainuka, akaingia chumbani. Alirudi na mpira halisi wa raga aliopewa na manesi wenzake siku ya kumuaga, umesinyaa kama embe kavu. Akasema maneno machache ya Kimakonde, yenye maana kwamba mdomo umeshachoka, sasa miguu nayo iseme.

Tulipata pampu ya baiskeli kwa jirani, tukaujaza upepo, tukaenda uwanja wa shule. Wanawake wa netiboli walikuwa wameshafika kwa mazoezi yao, walimu watatu wa kiume walikuwa wakipita, na wote wakaingizwa kabla hawajajua wanaingizwa wapi. Shangazi alichora mistari kwa kisigino na kuweka sheria moja, kwamba hakuna kuangushana. Ukiguswa, unasimama na kumpa wa nyuma yako. Yeye, kwa filimbi aliyoazima kwa wanawake wa netiboli, angekuwa refa na wakati huo huo kocha wa upande mmoja. Mwalimu alipinga hilo, hakusikilizwa.

Mimi nilikuwa upande wa Shangazi. Tulicheza alivyotaka. Tulibanana katikati, tukasogea kidogo kidogo, kisha mwalimu mmoja wa kiume akaupiga mpira teke hadi kona. Mpira wa raga haudundi kama mipira mingine. Ule uliruka kulia, ukageuka kushoto, ukampita mtu wa upande wa Mwalimu katikati ya miguu, nami niliyekuwa nahema nyuma yake nikauangukia ng'ambo ya mstari. Trai yangu ya kwanza na ya pekee maishani, na nilikuwa nimevaa kandambili. Shangazi alipuliza filimbi mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

Upande wa Mwalimu walijaribu kupeleka mpira pembeni. Kila aliyeupokea alikuwa amesimama wima akiungoja, na kabla hajageuka tulikuwa tumeshamgusa. Mara tatu ikawa hivyo. Mwalimu alianza kupandisha sauti, na mkewe akamwambia kwa upole arudi nyuma, arudi tena, arudi zaidi, hadi akawa mbali kabisa na mpira.

"Sasa kimbia," alimwambia. "Usiningoje."

Alikimbia. Mpira ukatoka kwa mwanamke wa kwanza, ukafika kwa mkewe, naye bila hata kumtazama akaurusha mahali palipokuwa patupu. Mwalimu alitokea pale pale kwa mwendo wake wote, mikono mbele, akaudaka, akatupita sote kama tumefungwa kamba. Alivuka mstari, akaendelea kukimbia, akavuka na mstari wa uwanja wa mpira wa miguu, akasimama kwenye mikorosho. Tulimwona kwa mbali akiuweka mpira chini kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

Nilimtazama Shangazi. Alikuwa ameshusha filimbi, amekunja mikono kifuani, na machozi ya kicheko yanamtiririka. Mke wa Mwalimu alipomkaribia, alimshika mkono akamwambia, "Mwanangu, nimeangalia raga miaka yote hii, hili hakuna aliyenieleza." Akatangaza kwamba pande zote mbili zimeshinda, uamuzi ambao haupo katika sheria yoyote ya raga, tukaendelea kucheza mpaka jua lilipokuwa linagusa ukingo wa uwanda na upepo wa baridi ukaanza kupanda kutoka bondeni.

Kwa Shangazi tulinawa miguu watu kumi na tatu kwa beseni moja, maana maji Newala si ya kuchezea. Umeme ulikuwa umerudi na mchezo umekwisha. Timu yetu ilikuwa imefungwa kwa mara ya tano. Tulisikia habari hiyo tukiwa tunamalizia ming'oko, na nadhani hakuna hata mmoja aliyeacha kutafuna.

Msimu ule uliisha vibaya hivyo hivyo. Mwaka uliofuata timu ilipata kocha mpya, na katika mchezo wake wa pili tuliona watu wa nyuma wakianzia mbali, wakiupokea mpira kwa mbio, na yule winga aliyekuwa akisinzia akifunga trai mbili kabla ya mapumziko. Kwa Shangazi siku hiyo walijaa wanawake wa netiboli, wamekaa mpaka barazani wakichungulia dirishani. Walishangilia wakijua hasa wanachoshangilia. Mke wa Mwalimu alikuwa amekaa mbele kabisa, kwenye kiti cha mumewe, na Mwalimu alikuwa sakafuni.

Nami nimeacha kumhofia Shangazi upweke. Sasa naenda Newala kila Jumamosi, na nikichelewa hupigiwa simu niulizwe niko wapi. Juzi nilifika nikawakuta wameshaanza. Mwalimu alikuwa akishikilia kwamba timu inarusha mpira kupita kiasi, na mara moja moja ingefaa wapige teke hadi kona. Shangazi alikuwa amesimama katikati ya chumba, kikombe cha chai mkononi, akimweleza kwamba mawazo ya namna hiyo yamepitwa na wakati.