Baba wa Robhi Kwenye Ramani ya Dunia

Siku niliyoripoti shule ya Nyanungu, mkoani Mara, nikitokea Singida, Mwalimu Mkuu, mama mrefu mzaliwa wa hapohapo, aliisoma barua yangu ya uhamisho akiwa amesimama. Akanipa somo la Uraia na Maadili darasa la sita, boksi la chaki na onyo moja.

"Mwalimu, huku kwetu, kabla hujamkasirikia mtoto njoo uniulize mimi kwanza."

Niliitikia kwa heshima zote, moyoni nikacheka. Miaka ishirini na ushee ya chaki, niulize nini? Ninyi walimu vijana mnaosoma haya, kicheko kile ndicho kilichoniponza.

Nilikuwa fundi wa zana, yaani vifaa vya kufundishia vya kujitengenezea. Nilishona viroba vinne vya unga, nikachora juu yake dunia nzima, nikaitundika ukutani. Kila kundi nililipa nchi. Huyu Mjapani, yule Mbrazili, wanaamkiana, wanaulizana wanakula nini na wanaogopa nini. Watoto ambao hawajawahi kuvuka mpaka pale Sirari walibishana juu ya mafuriko ya Bangladeshi utadhani mashamba yale ni ya mjomba wao. Nilijiona nimefika.

Alipokuja Mthibiti Ubora wa Shule, ambaye zamani tulimwita mkaguzi, nilimwandalia zoezi la familia za dunia. Kila mtoto alitakiwa kuchora familia yake na kuibandika pembeni mwa ramani, karibu na familia za mbali nilizokata magazetini. Ubaoni niliandika mpangilio: baba, mama, watoto. Karatasi zikajaa akina baba. Kisha akaja Robhi, binti mpole na wa kwanza darasani. Juu ya neno "baba" alikuwa amechora bibi kizee wa kitenge, ameshika fimbo ya kuchungia.

Mthibiti alicheka, na darasa likacheka naye. Damu ikanipanda.

"Unanifanyia mzaha mbele ya mgeni? Toka! Usirudi mpaka umlete baba yako wa kweli."

Hakulia. Alikunja karatasi yake akatoka. Kesho yake rejista ilionyesha hayupo, na keshokutwa yake hivyo hivyo. Wiki ya pili Mwalimu Mkuu aliniita ofisini. Nikamsimulia yote, nikitegemea ataniunga mkono. Alishika kichwa.

"Yule ni mtoto wa nyumba ntobhu, Mwalimu! Huku mama asiye na mtoto wa kiume anaoa mke. Anatoa ng'ombe wa mahari yeye, na watoto wanakuwa wake. Halafu wewe unamwambia akalete baba? Binti wa umri ule akikaa nyumbani, wenye ng'ombe wanaanza kuchungulia boma. Twende sasa hivi."

Nilishtuka. Nilikuwa nimewafundisha watoto wale harusi za Kihindi, na ndoa ya nyumba iliyo nyuma ya kiwanja cha mpira sikuijua.

Bibi Wankuru tulimkuta mlangoni pa boma, kitenge kilekile, fimbo ileile. Nilimwamkia shikamoo. Aliitikia bila kuniangalia.

"Ndiyo wewe mwalimu wa dunia? Robhi ameniambia nyumba yangu huko haimo."

"Nimekosa, bibi."

"Wananiita bibi, lakini nafasi ya baba nimekaa mimi. Mama yake mimi ndiyo nimemuoa. Daftari mimi nanunua. Jana watu wamekuja hapa kuniuliza kama huyu binti amemaliza shule. Niwajibu nini?"

Nilipiga magoti palepale, mtu mzima na mvi zangu. Nikamwomba anirudishie mtoto, nami nitamwomba msamaha.

"Mbele ya waliomcheka," alisema. "Na mimi nitakuwepo."

Alikuja kweli, na fimbo yake. Nilimwomba Robhi msamaha, kisha nikaikunjua picha ya bibi yake aliyorudi nayo na kuibandika kwa mkono wangu juu ya ramani, hapohapo kwenye Mara. Nikadhani yamekwisha. Nyuma kabisa Chacha akanyoosha mkono.

"Mwalimu, naomba karatasi nyingine. Ile nilidanganya."

Akasimama mwingine, na mwingine. Kengele ilipolia walikuwa watano. Wote walitoka nyumba kama ya Robhi, na wote walikuwa wamenibunia baba kwa sababu ubao wangu uliwataka hivyo. Mmoja tu alisema kweli, na huyo ndiye niliyemfukuza. Niliwagawia karatasi mpya wote watano.

Robhi alimaliza darasa la saba. Mimi nilihamishiwa Nyambureti, halafu shule moja jirani na Kerende, yenye watoto wengi wa wachimbaji waliotoka mikoa mingine. Zoezi lile nililiendeleza kote, ila mpangilio sikuuandika tena ubaoni.

Sasa nimestaafu. Kwenye sanduku la maandalio yangu ya masomo nimetunza karatasi ya kwanza ya Chacha. Kuna baba mwenye sharubu na tai nyekundu, anatabasamu. Mtu huyo hakuwahi kuishi popote, na siku ile nilimpa kumi kwa kumi.