Pointi za Verna Hazitolewi

Verna Stottlemyer wa mjini kwetu Anderson, Indiana, hajawahi kukubali kushindwa, hata pale aliposhindwa kweli. Mimi Lowell, jirani yake, ndiye niliyeumia masikio kwa ubishi huo miaka yote hii. Gari lake ni Chevelle ya bluu ya mwaka sitini na saba, aliyoinunua mpya kwa mshahara wake wa kiwandani. Ndani ya distribyuta yake, kile kigawa umeme cha injini, bado zimo pointi, vile vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana ili plagi zipate cheche. Sisi wengine wa chama cha magari ya zamani tulishazitupa. Tumefunga kifaa cha elektroniki, ambacho hakigusani na kitu wala hakiliki, na gari linawaka hata asubuhi ya barafu. Mimi nimefunga na sioni haya. Ni bora. Nimemwambia Verna mara ngapi kwamba ni bora, naye hunijibu kwamba mguu wa mbao nao hausikii baridi.

Lazima mjue kwamba distribyuta hizo zilikuwa zikiundwa hapa hapa mjini. Verna alikaa benchi moja na mashoga zake wawili, Opal na Imogene, tangu usichana hadi kiwanda kilipofungwa. Leo pale pamebaki geti na nyasi. Kila Agosti chama chetu hupita mbele ya geti hilo kwa msafara, na Verna ndiye huongoza, kwa kuwa katika sisi tunaoendesha hakuna mwingine aliyefanya kazi ndani.

Sasa mwaka uliopita Chevelle ilizimika njiani, ikatuzibia njia wote. Mwenyekiti wetu, Dwight Pruitt, hakusahau. Jioni moja tumekaa kwenye viti vyetu vya kukunja, maboneti yote yako wazi kama kawaida yetu, akaja na kiboksi kilichofungwa utepe.

"Bi Verna, chama kimekununulia zawadi, kifaa kama chetu. Lowell atakufungia, nusu saa tu. Na tumekubaliana kwamba anayeongoza msafara lazima awe nacho."

"Na asiye nacho?"

"Atakaa nyuma kabisa, karibu na gari la kuvuta."

"Dwight, mwanangu, wakati mama yako anakubadilisha nepi mimi nafunga distribyuta. Leo unaniletea kopo la plastiki lenye utepe?"

"Gari lako linatuaibisha, mama."

"Basi tazama kwingine."

Kiboksi akanitupia mimi mapajani. "Tia kwenye mashine yako ya kukatia majani," akaniambia, watu wakaangua kicheko. Nilikasirika. Pesa yangu ilikuwemo kwenye zawadi ile, na isitoshe Dwight hakuwa na kosa.

Siku ya msafara Verna aliwahi kuliko sote, akaliegesha gari lake kwenye njia ya kutokea. Kama humtaki mbele, basi hutoki. Dwight alibembeleza, akafoka, akaita watu washuhudie. Verna alipandisha kioo. Alipochoka kumtazama aliwasha gari akaondoka, nasi tukamfuata, mimi nikiwa nyuma yake.

Jua lilikuwa kali na mwendo wa kujikokota. Tulipofika getini Chevelle ikakohoa, ikakohoa tena, ikazima. Haya, ilizima! Tena palepale mbele ya geti, watu wamejaa kando ya barabara na mikate yao ya nyama ya nguruwe. Honi zikaanza. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze kwa niaba yake.

Dwight akaja mbio na mnyororo. "Si nilikwambia?"

"Uliniambia. Sasa toa mkono kwenye boneti yangu."

Verna akageukia umati, akapaza sauti: "Opal! Imogene! Mmekaa kula tu?"

Wale vikongwe wakainuka. Imogene aliacha mkate kitini, Opal akaja na mkongojo wake, taratibu, na hakuna aliyethubutu kupiga honi tena. Imogene akaketi kwenye usukani. Opal akabandua kifuniko cha distribyuta. Verna akatoa tupa ya kucha kwenye mkoba wake, akasugua pointi zilizoungua.

"Gusa stata! Kidogo, Imogene! Kidogo nimesema, unataka kuamsha wafu?"

"Ungekuwa umebadilisha pointi mapema nisingekuwa hapa," akajibu Imogene.

Verna akachana jalada la kibiriti cha karatasi, akalipenyeza katikati ya pointi kupima nafasi, kama walivyopima wazee wote wa mji huu. Hakuomba kifuniko. Opal alikuwa amekwisha kukifuta na kukigeuza upande unaotakiwa. Miaka yote hiyo hawajakaa benchi moja, na mikono yao ilipishana bila kugongana. Machozi yalinilengalenga, nami nalisema wazi, maana Dwight pia niliona anajifuta uso na kusingizia jasho.

Injini ikawaka. Verna akaingiza kifunguo cha pembe sita kwenye kidirisha kilichoko ubavuni mwa kifuniko, pale pa kurekebishia pointi injini ikiwa inawaka, akazungusha hadi injini ikakohoa, akarudisha nusu mzunguko, ikatulia ikanguruma. Umati ukapiga makofi. Opal akajipakia kiti cha nyuma na mkongojo wake. Imogene akasogea upande wa abiria, wala hakuulizwa.

Dwight akainama dirishani. "Mwakani huongozi, Bi Verna. Sheria ni sheria."

"Mwakani nitatimiza miaka themanini na moja," Verna akasema, "na hawa wawili nitakuwa nao humu tangu mwanzo. Njoo utuzuie."

Akatia gia. Wakapita mbele ya geti, vikongwe watatu, vioo vyote chini, wakizipigia zile nyasi honi. Nami nikafuata na gari langu lisilozima, wala hakuna aliyelitazama.