Jumamosi ya Maksai

Kule Revdanda, katika pwani ya India, Wayahudi wakamuaji wa mafuta waliitwa watu wa Jumamosi, kwa kuwa siku hiyo vinu vyao havikulia. Hasaji alilipenda jina hilo. Siku sita alimfuata maksai wake, Raja, akizunguka kinu cha ufuta, mnyama kafungwa kitambaa machoni asishikwe na kizunguzungu. Ijumaa jua likianza kuinama, kitambaa kilifunguliwa, na kesho yake Raja alishinda chini ya minazi akicheua na kutazama ulimwengu.

Mwaka huo sikukuu ya taa ya Wahindu iliangukia Jumapili. Kila nyumba ilitaka mafuta, na mkamuaji mgeni wa mtaa wa pili alikuwa akimnyang'anya Hasaji wateja mmoja mmoja. Ndipo jirani yake Pandurang, mfinyanzi wa vijitaa, alipomjia.

"Jumamosi wewe pumzika na Mungu wako, kaka. Niachie maksai na kinu, nikukamulie mimi."

"Na nikikataa?"

"Wateja wako watahamia kwa yule mgeni, nami nitakuja kukucheka hapa hapa barazani."

Hasaji akacheka, akakubali. Mikono yake haitagusa kitu. Kosa litoke wapi?

Jumamosi aliporudi kutoka kwenye sala, mkewe Ketubai alimwandalia wali na samaki aliyepikwa jana. Nyuma ya ua, kinu kikaanza kulia. Hasaji akainua tonge, akalirudisha sahanini. Masikio yake yalikwishatangulia kinuni. Hapo ufuta umeongezwa. Hapo Pandurang anamharakisha mnyama. Mbona mlio umekuwa mzito?

"Baba Ribka, samaki ana miiba?"

"Hana."

"Basi hupo hapa. Umeuacha mwili mkekani, mwenyewe unazunguka kule na Raja. Nashangaa hukufungwa kitambaa."

"Ni siku moja tu, mama."

"Moja hiyo hiyo ndiyo tuliyonayo."

Hasaji akaisukuma sahani kando. Siku sita alijiona yeye ndiye anayeyatoa mafuta kwenye ufuta. Ya saba ndiyo pekee iliyomkumbusha kwamba ufuta aliukuta duniani, na pumzi ya kumwongoza maksai hakujipa mwenyewe. Leo hakulikumbuka hilo hata kidogo. Alikuwa akipiga hesabu za madebe.

Akainuka, akaenda uani.

"Umekuja kunisimamia?" Pandurang aliuliza, jasho likimtiririka.

"Nimekuja kukuomba umfungue."

"Hatujafika hata nusu. Ulinipa neno lako, kaka."

"Nilikupa, na nilikosa. Nilikupa siku ambayo si yangu kuigawa."

"Wateja watakwenda kwa yule."

"Waende."

Pandurang akatikisa kichwa. "Watu wa Jumamosi mna taabu nyinyi," akasema, huku vidole vyake vikilegeza fundo nyuma ya masikio ya Raja. Maksai akapepesa macho, akaelekea minazini bila kuswagwa.

Hasaji akarudi mkekani, akala samaki wake aliyepoa, kisha akalala usingizi mzito hadi alasiri.

Kesho yake jioni, vijitaa vingi vya mtaa ule viliwaka kwa mafuta ya mgeni. Hasaji alipita akivitazama kimoja kimoja, na moyo ulimuuma. Baadhi ya wateja hawakurudi tena. Usiku ule ule Ketubai alipomuuliza kama anajuta, alifikiri kwanza.

"Kwa mafuta, ndiyo," akasema. "Kwa jana, hapana."