Mifuko Sita ya Perege kutoka Iringa

Dada yangu Tumaini ndiye aliyetaka kwenda Iringa kuchukua samaki wa kufuga. Baada ya kufiwa na mumewe alichimba bwawa nyuma ya nyumba yake pale Uyole, kiangazi kizima, kwa jembe. Nikamwambia, "Safari hiyo utaiweza wapi? Gari ninalo, na barabara naijua."

Mimi nimeishia darasa la nne, lakini mabanda yangu ya kuku Mbeya nzima wanayajua. Hilo nalisema wazi.

Saa kumi na moja alfajiri niliondoka na pikapu. Jua lilinikuta Igawa. Mafinga ukungu ulikuwa bado umelala kwenye misonobari. Mchana nikaingia Iringa, nikalala Mlandege.

Asubuhi yake nikafika kituo cha serikali cha kuzalisha samaki, nje ya mji. Binti mmoja mwenye gambuti alichota perege wadogo kama ukucha, akawatia kwenye mifuko ya nailoni yenye maji, akajaza oksijeni kutoka kwenye mtungi, akakaza mpira.

"Mzee, usifungue mpaka bwawani."

"Binti, nimelea vifaranga vya kuku wewe hujazaliwa."

"Hawa si kuku, mzee. Nimesema usifungue."

Njiani kurudi, Makambako nilisimama kula mahindi ya kuchoma. Muuzaji akachungulia nyuma ya gari. "Bosi, siku hizi unauza maji?" Wenzake wakacheka.

Hapo ndipo nilipoharibu. Vifaranga vyangu husafiri kwenye maboksi yenye matundu. Nikaitazama ile mifuko ilivyovimba, nikasema hawa wanakosa hewa. Nikafungua yote sita, watu wakasogea, nikawaonyesha mfuko mmoja mmoja. Kisha nikaifunga tena, imelegea.

Saa tisa alasiri, Uyole. Tumaini alikuwa amefyeka majani kandokando ya bwawa, amevaa kitenge chake cha kanisani. Samaki walikuwa wanaelea, matumbo juu. Alimimina mfuko mmoja, akangoja. Akamimina wa pili, akangoja. Hivyo hivyo mpaka wa sita.

"Kaka, kwani hawakukuambia namna ya kuwabeba?"

"Hakuna aliyeniambia kitu," nikajibu. "Watu wa serikali si unawajua."

Aliniamini. Mpaka leo mgeni akiuliza kwa nini bwawa lina vyura tu, humjibu kwa maneno yangu hayo hayo. Nami hukaa pembeni, nikinywa chai yake.

Safari ile ilinifundisha jambo moja, nimechelewa kulisema: dada, yule binti aliniambia. Tena mara mbili.