Jina Alilopewa Editha

Juzi binti yangu alikuwa akijifunza Kihispania kwenye simu. "Mama, *ven* maana yake njoo. Halifuati kanuni, kama njoo yetu isivyofanana na kuja."

Nilipokuwa mtoto kule Makanyagio, sista mmoja Mhispania alikuwa akimfundisha dada yangu Editha kuoka mikate. Kila akiita "Ven!", Editha alikimbilia jikoni, nami nilibaki uani na harufu ya mkate, nikiamini hilo ni jina la upendo alilompa yeye tu. Nilimwonea wivu.

Alasiri moja Editha alikuwa bombani. Sista alinitazama, akaninyooshea mikono. "Ven!"

"Hayupo, Sista," nilijibu kwa hasira. "Ven ameenda kuchota maji."

Akarudia taratibu, "Ven."

Nikampa mgongo, nikaenda zangu nyumbani.