Neno "Kwetu" Katika Ripoti

Watoto walimwita Shangazi, ingawa hakuwa na undugu na yeyote kati yao. Kazi yake ilikuwa kuwapa ushauri nasaha watoto ambao wazazi wao wanaachana, katika chumba kilichokuwa stoo ya mafaili: meza fupi, viti viwili vya plastiki, kalamu za rangi zilizotafunwa. Mganga hajigangi. Yeye mwenyewe aliachika zamani, na mwanawe wa pekee humpigia simu mara mbili kwa mwaka.

Kuna swali alilolipiga marufuku chumbani mwake: "Unampenda nani zaidi?" Wazazi huliuliza, mawakili huliuliza, hata mabibi huliuliza huku wameshika peremende. Watu wazima hawana haya. Yeye alitega sikio tu. Mtoto wa nyumba mbili husema "kwa mama" na "kwa baba". Siku akiteleza akasema "kwetu", moyo umeshachagua. Na usimuulize mara ya pili, aliwaonya wanafunzi waliokuja kujifunza kazi, maana utamtia maneno mdomoni. Miaka kumi na saba alijivunia mbinu hiyo.

Ndipo akaletwa binti wa miaka minane, mtafuna kucha. Baba alikuwa amebaki katika nyumba ya zamani. Mama alipanga vyumba viwili karibu na shule. Mahakama ilitaka ripoti ya Shangazi kabla ya kuamua mtoto aishi na nani. Vikao vitatu binti hakufungua mdomo. Cha nne akachora mlango wa bluu.

"Mlango wa wapi huo, mwanangu?"

"Wa kwetu. Hapa pembeni pana mistari, mama ananipimia urefu."

Mlango wa bluu ulikuwa wa nyumba ya baba. Shangazi alilisikia neno lake, na baada ya hapo hakusikia kingine. Jioni ile ile akaandika ripoti, kwa raha ya mtu aliyepata alichokuwa akikisubiri. Hakimu akaisoma, akampa baba mtoto. Mama akaachiwa Jumamosi mbili kwa mwezi.

Baada ya wiki sita baba alimrudisha binti kwa Shangazi. Mtoto alikuwa ameanza kukojoa kitandani, na akiitwa haitiki.

"Haya, niambie. Kwenu hawajambo?"

"Kwa baba?"

"Si ulisema ndiko kwenu?"

Binti alimtazama jinsi mtoto anavyomtazama mkubwa asiyejua kusoma saa. "Nilisema kwetu. Mimi na mama na baba. Sasa mama hayupo, ni kwa baba tu."

Shangazi aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayochoma masikio. Mtoto alikuwa amesema wazi kabisa. Ni yeye na ujuzi wake waliosikia vibaya. Swali moja tu, kwenu ni akina nani, lingetosha. Akavuta karatasi.

"Nimekosea, mwanangu. Nisamehe. Nitawaandikia tena mahakamani, niwaeleze."

"Usiandike."

"Ni kwa ajili yako."

Binti aliinyakua ile karatasi, akaiweka kitini, akaikalia.

"Ukiandika," alisema, "wananihamisha."

Nusu saa iliyobaki walikaa hivyo, mmoja ameshika kalamu, mwingine amekalia karatasi.